Mafua ya Mtoto Mchanga: La Kumfanyia na la Kumwepushia

Hapana nyumba yenye mtoto mchanga isiyoujua usiku huu. Mtoto aliyekuwa akilala vyema aamka saa nane ya usiku, pua imeziba. Apewa titi, anyonya mara mbili tatu, kisha aliachia na kulia. Apewa tena, aachia tena. Kifua chakoroma kwa kamasi, na mama, ambaye huyu ndiye mtoto wake wa kwanza, aanza kulia pamoja naye.

Kabla ya adhana ya alfajiri nyumba nzima imeamka, na kila mmoja amekuja na chake. Bibi ameleta samli ya kumtonesha puani. Shangazi ameleta asali kijikoni. Jirani ametuma kikopo cha dawa ya kupaka yenye harufu kali. Baba angojea duka la dawa lifunguliwe ili akanunue chupa ya dawa ya kikohozi. Na pembeni yupo mzee aliyenyamaza muda wote, kisha akasema: "Mtazameni kooni. Huenda ni kimeo."

Wote hao wampenda mtoto, wala hapana hata mmoja aliyekuja kwa nia mbaya. Lakini mtoto huyu ana umri wa miezi mitatu tu, na katika hayo matano aliyoletewa, hapana hata moja linalomfaa, na kila moja laweza kumdhuru. Kinachomfaa kimo nyumbani tayari, nacho hakina bei: maji yaliyochemshwa, chembe za chumvi, titi la mama yake, na macho ya mtu wa kumwangalia. Hayo ndiyo tutakayowaeleza wasomaji wetu, akina mama na akina baba, na hasa vijana wanaoanza maisha ya nyumba, ili usiku huo utakapowafikia usiwakute hawana la kushika.

Mafua ni nini

Mafua hayaletwi na upepo wa usiku wala na kuoga maji ya baridi. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo aina zake zajulikana kuwa zaidi ya 200. Hutoka kwa mtu mwenye mafua na kumfikia mtoto kwa njia ya chafya, kikohozi, busu, na zaidi ya yote kwa mikono isiyooshwa.

Mtoto huzaliwa hajawahi kukutana na virusi hivyo, na mwili wake yapasa ujifunze kupigana navyo, kimoja baada ya kingine. Kwa sababu hiyo si ajabu mtoto mdogo akapata mafua mara sita, au hata nane, katika mwaka mmoja. Mama asijilaumu, wala jamaa wasimlaumu kwamba hamtunzi mtoto wake.

Hadi leo hapana dawa iuayo virusi vya mafua haya ya kawaida. Mwili wenyewe ndio unaoviondosha. Aghalabu ugonjwa huzidi katika siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na baada ya siku saba hadi kumi huwa umekwisha, ingawa kikohozi chaweza kubaki wiki mbili au zaidi kidogo. Kamasi huanza nyepesi kama maji, kisha huwa nzito, za manjano au za kijani. Wengi waonapo rangi hiyo hukimbilia antibayotiki. Lakini rangi peke yake si dalili ya hatari, na antibayotiki huua bakteria, virusi haiviwezi. Kumpa mtoto dawa hizo bila ya sababu ni kumtia tumbo la kuhara na kuwafundisha bakteria ukaidi, hata siku atakapozihitaji kwa kweli zisimsaidie.

Basi ikiwa mafua huondoka yenyewe, kwa nini mtoto mchanga ataabike kuliko sisi? Sababu ni kuwa katika miezi ya mwanzo mtoto huvuta pumzi zaidi kwa pua kuliko kwa mdomo, na tundu za pua yake ni nyembamba sana. Kamasi kidogo tu yatosha kuziziba. Naye hawezi kunyonya na kupumua kwa mdomo huo huo kwa wakati mmoja. Mtoto yule wa saa nane ya usiku hakulikataa titi, alikosa pumzi. Tukilifahamu jambo hili moja, tumeifahamu tiba yake: pua ifunguliwe, na maziwa yapite.

Maji ya chumvi

Chukua maji safi, uyachemshe yatokote barabara, kisha uyafunike yapoe hata yawe vuguvugu. Pima kikombe kimoja, yaani kama mililita 240, utie nusu ya kijiko cha chai cha chumvi ya jikoni, iliyosawazishwa wala si ya kurundika, uikoroge mpaka iyeyuke yote. Maji hayo yatumike kwa siku hiyo tu. Yatakayobaki yamwagwe, na kesho yatengenezwe mapya katika chombo safi. Asiyetaka kutengeneza aweza kuyapata katika maduka ya dawa, yakiwa katika vichupa vya matone. Lakini asome vyema yaliyoandikwa, ahakikishe kuwa ni maji ya chumvi matupu, yasiyotiwa dawa nyingine ya kuzibua pua. Kwa maana matone ya kuzibua pua ya watu wazima yaweza kuudhuru moyo na pumzi za mtoto.

Mama anawe mikono kwa sabuni. Amlaze mtoto chali, kichwa kikielekea nyuma kidogo, amtoneshee tone moja au mawili katika kila tundu ya pua, kisha angoje kwa muda wa dakika moja. Mtoto atalia au atapiga chafya, na chafya hiyo ni njema, kwani huzitoa kamasi. Zilizojitokeza zifutwe kwa kitambaa laini na safi.

Ikiwa kamasi ni nzito hazitoki, kipo kipira cha kufyonzea kamasi kinachouzwa madukani. Kibonyezwe kwanza kingali nje ya pua, ncha yake iingizwe kidogo tu mlangoni mwa tundu, kisha kiachiwe polepole kivute. Kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumiwa, na kikaushwe. Wala kisitumiwe kutwa nzima, maana pua ya mtoto yaweza kuvimba kwa kuvutwa-vutwa. Wakati wake ulio bora ni kama robo saa kabla ya kumnyonyesha na kabla ya kumlaza. Vijiti vyenye pamba visitiwe puani kamwe.

Wako pia akina mama wanaofyonza kamasi za mtoto kwa midomo yao. Hilo ni pendo lisilo kifani. Lakini kinywa cha mtu mzima kina vijidudu vingi, na huenda akamwachia mtoto ugonjwa mwingine juu ya ule alio nao. Kipira hicho ni salama zaidi.

Maziwa ya mama

Wasomaji wetu waijua aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Katika siku za mafua titi huwa ni chakula, ni maji, na ni kinga, kwa kuwa maziwa ya mama yana chembe za kupigana na magonjwa. Hata mama akiwa na mafua yeye mwenyewe, asiache kunyonyesha. Anawe mikono, na ajifunike mdomo na pua.

Mtoto aliyeziba pua huchoka upesi. Basi anyonyeshwe kidogo kidogo na mara nyingi, akiwa ameinuliwa kichwa kuliko kawaida. Akishindwa kabisa kunyonya, mama akamue maziwa katika kikombe safi, amnyweshe kwa kikombe hicho au kwa kijiko, polepole. Mtoto asiyetimiza miezi sita asipewe maji matupu, wala chai, wala maji ya machungwa, wala uji.

Kipimo cha kujua kuwa anapata maziwa ya kutosha ni nepi. Mtoto anayekojoa kama kawaida yake anashiba. Mtoto ambaye nepi yake imekaa kavu saa sita hadi nane ameanza kukaukiwa maji, naye apelekwe hospitali.

Alazwe chali, juu ya kitanda kisichobonyea, bila ya mto. Wengi humwekea mto chini ya kichwa wakidhani watamrahisishia pumzi. Lakini mtoto mchanga huteleza, kidevu kikaangukia kifuani, na njia ya pumzi ikazibana. Akitaka kuinuliwa, na ainuliwe mikononi mwa mtu aliye macho.

Asali

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twajua litawashangaza baadhi ya wasomaji wetu. Qurani Tukufu, katika Suratun Nahl, yataja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Hilo twaliamini, wala hatulitilii shaka. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata tone, hata kwenye ncha ya kidole.

Sababu yake ni hii. Asali, hata ile safi iliyotoka mzingani leo, yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kiitwacho *Clostridium botulinum*. Tumbo la mtu mzima huzishinda mbegu hizo bila ya yeye kujua. Tumbo la mtoto mchanga bado ni changa; mbegu huota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kufunga choo, kilio chake huwa dhaifu, shingo hulegea, kunyonya humshinda, na mwisho misuli ya pumzi nayo yaweza kusimama. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa watoto wachanga mwaka 1976, huko California, Marekani. Wala kuichemsha asali jikoni hakusaidii, kwa kuwa mbegu hizo hustahimili maji yanayotokota.

Je, jambo hili lapingana na imani? La, hasha. Aya haikusema kuwa kila aliye hai apewe asali katika kila umri. Nyama ni halali na ina nguvu, na hapana amlishaye nyama mtoto wa mwezi mmoja. Kila neema ina wakati wake. Mtoto akishatimiza mwaka, nusu ya kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala yaweza kumtuliza kikohozi. Na wale wanaotumia asali katika tahniki ya mtoto anapozaliwa, na wakumbuke kuwa Sunna iliyo mashuhuri ni ya tende: iliyolainishwa sana, kiasi kidogo mno, apakwe kaakaani kwa kidole kilichooshwa.

Samli, habasoda na mafuta mengine

Bibi zetu walitonesha samli puani, na wengine mafuta ya nazi, na siku hizi wengi watumia mafuta ya habasoda. Walichokiona ni kamasi kuteleza. Wasichokiona ni yale matone yaliyoteremka mapafuni. Maji ya chumvi yakishuka mwili huyanywa, mafuta hayanyweki. Hukaa ndani ya pafu na kulitia uvimbe, akawa mtoto na nimonia ya mafuta, ambayo hudumu muda mrefu wala haisikii antibayotiki. Basi mafuta ya namna yoyote yasipite katika pua ya mtoto, wala asimiminiwe kinywani kwa nguvu anapolia.

Karafuumaiti, moshi na mvuke

Dawa za kupaka zenye harufu kali, zinazouzwa katika vikopo na vichupa, nyingi zina karafuumaiti, ile ile tunayoitumia katika kuwaosha maiti wetu, pamoja na mentoli. Mtu mzima akizinusa huhisi pua imefunguka. Mtoto mchanga hufanya kinyume: njia zake za pumzi huweza kujibana na kutoa kamasi zaidi. Na karafuumaiti ikimwingia tumboni, hata kidogo, yaweza kumletea degedege. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe dawa hizo kifuani, wala puani, wala nyayoni. Na kikopo chenyewe kiwekwe mahali ambapo mtoto atambaaye hatakifikia.

Moshi nao ni adui wa mapafu madogo, uwe wa sigara, wa kuni, au wa udi na ubani. Twajua kuwa katika nyumba zetu za pwani mzazi na mwanawe hufukizwa katika siku arubaini, na harufu nzuri ni jambo lipendezalo. Lakini maadamu mtoto ana mafua, chetezo kitolewe nje. Na lililo zito kuliko hilo ni jiko la mkaa linalowekwa chumbani usiku, madirisha yakafungwa, ili mtoto asipate baridi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyokuwa na rangi wala harufu, nayo huwaua waliolala bila ya kuwaamsha. Mtoto avikwe nguo za kutosha na akumbatiwe. Jiko libaki nje.

Kuhusu kumfukiza mtoto kwa mvuke chini ya shuka: faida yake ni ndogo na hatari yake ni kubwa. Sufuria moja ikipinduka, mafua ya siku saba yamegeuka majeraha ya moto ya umri mzima.

Dawa za chupa

Baba aliyengojea duka lifunguliwe alifanya hivyo kwa huruma. Lakini dawa za mafua na kikohozi hazikuthibitika kuwafaa watoto wachanga, na madhara yake yamethibitika. Nyingine huenda mbio na moyo wa mtoto. Nyingine humlaza usingizi mzito hata pumzi zikapungua, na nyumba ikadhani kuwa amepata nafuu kwa kuwa amenyamaza. Mnamo Oktoba 2007 viwanda vya Marekani viliziondoa sokoni kwa hiari dawa za namna hiyo zilizokuwa zikiuzwa kwa ajili ya watoto wachanga, na mwezi Januari 2008 idara ya dawa ya nchi hiyo ikawaonya wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka miwili. Mwaka 2009 Uingereza ikazikataza kwa watoto wa chini ya miaka sita.

Hatari nyingine imo ndani ya chupa yenyewe, pale inapotengenezwa bila ya uangalifu. Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, nchi ya Afrika ya Magharibi ambayo watu wake wengi ni Waislamu. Ndani yake zilikutwa daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, vitu vinavyotumiwa viwandani na ambavyo huharibu figo. Watoto wapatao 70 walikufa, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano. Wazazi wao walikuwa wamekwenda kununua dawa za homa na kikohozi, kama anavyokwenda mzazi yeyote. Twawaombea waliofiwa subira. Na funzo tulilipokee: dawa isiyohitajiwa haina hoja ya kuingia kinywani mwa mtoto, na ile inayohitajiwa inunuliwe katika duka lililosajiliwa, kwa ushauri wa mganga.

Aspirini isipewe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16 bila ya amri ya daktari, kwa sababu ya ugonjwa wa ini na ubongo uitwao kwa jina la Reye, daktari wa Australia aliyeueleza mwaka 1963.

Kimeo

Yule mzee wa pembeni hakusema neno geni. Katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya mtoto mwenye kikohozi kisichokwisha hupelekwa kwa mkata kimeo, akakatwa kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa. Kinyama hicho si ugonjwa. Kila mwanadamu amezaliwa nacho, nacho kina kazi yake katika kumeza na kusema. Hakileti kikohozi, na kukikata hakuondoi kikohozi. Kinachokuja baada ya kisu ni damu isiyokatika, pepopunda, sumu ya damu, na vifo vya watoto ambao ugonjwa wao ulikuwa ni mafua tu, au nimonia iliyokosa dawa kwa kuwa siku zilipotea kwa mkata kimeo. Mtoto anayekohoa zaidi ya wiki mbili ana haki ya kutazamwa na daktari.

Homa

Homa ndogo huweza kufuatana na mafua. Lakini hapa umri ndio hakimu. Mtoto asiyetimiza miezi mitatu, joto lake likifika nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali wakati huo huo, uwe usiku au mchana, hata kama anaonekana hana neno. Kadhalika akiwa na baridi isiyo ya kawaida, chini ya nyuzi 35.5, maana watoto wachanga huweza kuugua sana bila ya kupata joto.

Kwa aliyevuka umri huo, parasetamoli humpunguzia homa na maumivu. Haifungui pua wala haifukuzi mafua, basi asipewe kwa mazoea. Kipimo chake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo sita apata miligramu 60 hadi 90 kwa mara moja, akakaa saa sita kabla ya kupewa nyingine, wala isizidi mara nne kati ya usiku na mchana. Chupa hazilingani nguvu. Matone huwa makali kuliko dawa ya kijiko. Basi mzazi amwombe mwenye duka la dawa au muuguzi amwonyeshe alama ya kupimia, na atumie kipimo kilichokuja na dawa, wala si kijiko cha jikoni. Aibuprofeni isipewe mtoto wa chini ya miezi sita ila kwa kauli ya daktari.

Nasi wakazi wa nchi zenye mbu tusisahau kuwa mafua na malaria huweza kukutana katika mwili mmoja. Homa ya mtoto ipimwe damu. Isihukumiwe kwa kudhani.

Kuhesabu pumzi

Mafua mengi hupita salama. Machache hushuka kifuani na kuwa nimonia, ambayo wazee waliiita kichomi, na hiyo ndiyo inayoua. Hakuhitajiwi chombo cha hospitali kuitambua mapema. Yatosha saa yenye mshale wa sekunde, au simu, na utulivu wa dakika moja.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na tumbo. Hesabu kila kinapopanda, kwa dakika moja kamili. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za hatari. Wa miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Akiwa chini ya miezi miwili na hesabu ikafika huko, hesabu mara ya pili. Ikirudi vile vile, safari ya hospitali ianze.

Pamoja na hesabu, zitazamwe dalili hizi, ambazo kila moja yatosha kumwondosha mzazi nyumbani bila ya kungoja kukuche: sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, tundu za pua kupanuka, au mtoto kugumia kila pumzi, ulimi, midomo au ufizi kuwa wa buluu au wa kijivu, kushindwa kunyonya, kutapika kila anachopewa, degedege, kulegea au kulala usingizi usioamshika, pumzi kusimama kwa muda. Mtoto mwenye dalili hizo hana haja ya samli wala ya maji ya chumvi. Ana haja ya daktari.

Kinga

Chanjo dhidi ya kifaduro na dhidi ya bakteria wa nimonia hutolewa katika kliniki za Kenya na Tanzania mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Asikoseshwe hata moja. Anayeingia kutoka nje anawe mikono kabla ya kumpakata mtoto. Nasi tunaotawadha mara tano kwa siku, hatuna udhuru wa kusema kuwa maji na mikono havijuani. Mgeni mwenye mafua ampongeze mzazi kwa mbali, wala asimbusu mtoto. Na mtoto mchanga sana asipelekwe penye msongamano wa watu, ijapokuwa ni harusi ya karibu.

Neno la mwisho, na wazee wetu

Twajua ugumu uliobaki. Si vigumu kwa mama kijana kuyasoma haya. Ugumu ni saa nane ya usiku, bibi amesimama mbele yake na kikombe cha samli. Akisema "Sitaki", amevunja heshima. Akinyamaza, pengine amemdhuru mwanawe.

Twamshauri asingoje usiku huo. Ukurasa huu na usomwe mchana, wote wakiwapo, kabla mtoto hajaugua, ikiwezekana kabla hajazaliwa. Na atakayeusoma kwa sauti awe ni baba wa mtoto, kwani hao ni wazazi wake na ni juu yake kubeba neno hilo, asimwachie mkewe alibebe peke yake. Kisha bibi asiondolewe katika kazi, abadilishiwe kazi. Aambiwe: "Bibi, wewe una mkono mwepesi kuliko sisi, twakuomba umtoneshee maji ya chumvi. Na wewe una usingizi mwepesi, twakuomba utusaidie kuhesabu pumzi zake alfajiri." Penye wazee haliharibiki neno, na bibi aliyelea watoto saba ana jicho la kumtambua mtoto aliyebadilika kabla ya sisi kuona lolote. Siku atakaposema, "Mtoto huyu leo simwelewi," isingojewe hesabu yoyote, na apelekwe.

Tukirudi kwa yule mtoto wa usiku wetu: samli imerudi jikoni, asali imewekwa kabatini mpaka atimize mwaka, kikopo kimerejeshwa kwa jirani kwa shukrani, na baba amebaki na fedha yake. Matone mawili ya maji ya chumvi yametiwa, kipiga-chafya kimepiga chafya yake, na pua imefutwa. Amelishika titi, na safari hii hakuliachia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awaponye walio wagonjwa, na atujaalie kuwapenda kwa elimu kama tunavyowapenda kwa moyo. Amin.